Kwenda Umra kwa Ndege Tatu

Jumatatu, 5 Januari 2026

Leo baada ya Adhuhuri Ustadh Hashiru ametutangazia bei ya safari ya umra. Nimecheka kimoyomoyo, maana tulikuwa bado kwenye baraza ya msikiti. Bei ina kila kitu ndani yake: viza, hoteli, chakula, basi la kutoka Jeddah mpaka Makka, begi la kijani na tiketi ya ndege. Hiyo tiketi ndiyo wizi wenyewe! Nimekaa stoo ya chuo miaka ishirini na sita, Kibaha, na harufu ya bei iliyofungashwa naijua.

Nimemwambia Ustadh nitalipia vyote isipokuwa tiketi na begi. Tiketi nitajitafutia. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayetaka kujiruhusu kutoka wodini. Akasema inawezekana, wapo waliofanya hivyo, ila nielewe jambo moja: ndege ya kundi ikichelewa, basi la Jeddah litalisubiri kundi. Ndege yangu ikichelewa, nimechelewa mimi. Nikamshukuru. Vitisho vya kibiashara.

Shemeji Maulidi, kaka wa marehemu mke wangu, amelipa palepale bila kuuliza swali hata moja. Kisha akaomba begi la kijani alijaribu. Akalivuta uani kwenda na kurudi, akisikiliza magurudumu. Mtu wa miaka sitini na tatu!

Safari hii ni ya Biubwa, mke wangu. Alifariki Februari mwaka jana kabla hajaenda. Akiba yake aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila akiweka noti aligonga kifuniko mara mbili kwa kidole, kama anayebisha hodi. Nitafanya umra yangu kwanza, halafu nitafanya ya kwake kwa niaba, kama inavyotakiwa. Ameniachia na karatasi ya watu wa kuombewa hukohuko. Sijaikunjua. Nilijaribu mara moja, nikaona mwandiko wake, nikaikunja tena.

Jumanne, 6 Januari

Nimeamka mapema, nimekwenda Kibaha. Telesphory, aliyekuwa msaidizi wangu stoo, siku hizi ana duka la kutoa nakala na kupiga picha za pasipoti pale Maili Moja. Ana kompyuta, ana mashine ya kuchapa, na ana muda. Ustadh hana chochote ambacho Telesphory hana, isipokuwa kanzu.

Tulitafuta kwa saa mbili. Tumepata! Dar mpaka Kilimanjaro kwa kampuni moja. Kilimanjaro mpaka Nairobi kwa kampuni ya pili. Nairobi mpaka Jeddah kwa kampuni ya tatu. Nafuu yake ni ya kutisha. Na zaidi ya nafuu: nitatua Jeddah saa tisa nzima kabla ya kundi. Nitaoga. Nitalala. Nitakaa kwenye kiti cha mapokezi ya hoteli, shemeji ataingia amechoka na begi lake la kijani, nami nitamkaribisha tende.

Telesphory aliniuliza kama nina hakika, kwa sababu kati ya ndege ya kwanza na ya pili kuna saa moja na nusu tu. Nikamuuliza uwanja wenyewe una ukubwa gani. Akasema si mkubwa. Basi! Saa moja na nusu naweza kuuzunguka mara mbili na kununua chai. Masharti mengine ni madogo: tiketi haina begi la kupakia, ni la mkononi tu, kilo saba. Amechapa tiketi zote tatu kwa rangi, akazibana kwa pini. Ameomba nimletee zawadi yoyote isiyo nzito.

Nikapita Tumbi kumwona binti yangu Zuwena, yeye ni muuguzi. Akasema baba, lipia tu kwa Ustadh, pengo nitaliziba mimi. Nikamwambia hili si suala la fedha, ni suala la akili. Akasema hiyo ndiyo inayomtia hofu.

Alhamisi, 8 Januari

Habari nimezipata sokoni: shemeji Maulidi ataanza kuomba radhi Jumamosi. Nimeanza leo.

Anayekwenda kule lazima apite kwa jirani na ndugu, aombe kusamehewa, asije akasimama mbele ya Nyumba Tukufu akiwa na haki za watu mgongoni. Namna ya watu wengine naijua. Wanasimama mlangoni, hata viatu hawavui, wanasema kama nimekukosea popote nisamehe. Wanajibiwa umesamehewa. Wanakwenda mlango wa pili. Dakika nne kwa nyumba! Mimi nimeamua kutaja. Kosa moja moja, na mwaka wake.

Kwa mzee Mwinyimadi nimetaja kuwa ule mstari wa minyaa unaotenganisha viwanja vyetu niliusogeza hatua mbili, mwaka 2009, alipokwenda Mafia kwenye harusi ya mpwa wake. Alitoka nje akautazama. Akarudi akasema yeye kwa miaka kumi na saba amedhani macho yake ndiyo yameharibika, na amenunua miwani mara mbili. Akanisamehe kwa sababu nakwenda.

Kwa Mama Efrazia, muuza maandazi, nimetaja kuwa barua isiyo na jina iliyokwenda kwa mtendaji kuhusu moshi wa jiko lake niliandika mimi. Akasema alijua toka siku ileile. Ni nani mwingine Kisarawe nzima anayeandika barua ya siri na kila mstari akautia namba? Akanisamehe, ila akasisitiza kuwa ni kwa heshima ya marehemu. Akanifungia maandazi sita. Nimekula manne njiani.

Nyumba kumi na moja leo. Nimerudi mwepesi.

Ijumaa, 9 Januari

Leo zamu ya shemeji mwenyewe. Nimemtajia kubwa. Siku ya mazishi ya Biubwa, imamu alipotafuta mtu wa familia wa kusema maneno mawili, nilimnong'oneza kuwa Maulidi amekaukiwa sauti. Hakuwa amekaukiwa. Sikutaka tu aseme yeye. Nilisema mimi, nikasahau nusu.

Shemeji aliishika chai yake bila kunywa mpaka ikaweka utando. Kisha akasema, shemeji nimekusamehe, nenda na moyo mweupe. Akaniomba na mimi nimsamehe yeye, kwa jumla.

Kwa jumla! Kama anayeuza sukari. Nikamwambia ataje hata moja. Akafikiri. Akasema hakumbuki. Miaka sitini na tatu duniani, thelathini na nane kati ya hiyo akiwa shemeji yangu, na hana la kutaja! Kiburi cha namna hii kinajificha vizuri sana ndani ya upole.

Jumatatu, 12 Januari

Nimepima begi kwenye mizani ya muuza mkaa. Kilo tisa na robo. Nimetoa kandambili, kilo nane na kitu. Nimetoa vitumbua vya Zuwena. Bado. Nikapata wazo: zile shuka mbili nyeupe za ihramu nitazivaa toka nyumbani. Nguo iliyo mwilini haipimwi. Nia ya umra nitaitia angani, ndege ikifika mahali pake. Ustadh na watu wake watabanana chooni ndani ya ndege kubadili nguo. Mimi nitakuwa nimevaa toka Kisarawe.

Nimepima tena: kilo saba kasoro kidogo sana. Muuza mkaa amesema begi langu sasa ni safi kuliko mizani yake. Kweli lilitoka na alama nyeusi.

Jumatano, 14 Januari

Naandika nikiwa kwenye kiti cha chuma, uwanja wa Kilimanjaro. Sijui nianzie wapi.

Mvua. Ilianza alfajiri na Dar yote ikawa haionekani. Ndege yangu ya kwanza ilikuwa iondoke saa mbili asubuhi. Saa tatu wakasema subirini. Saa nne wakasema subirini kwa Kiingereza. Saa tano likaingia kundi la Ustadh, mabegi ya kijani yamejipanga kama bata. Ndege yao ilikuwa ya mchana, ya kuzunguka mbali na kutua Jeddah kesho yake asubuhi. Shemeji aliponiona akanipungia mkono toka mbali, akasema, shemeji, tulidhani wewe umeshafika! Nikamwambia ndio naondoka. Nikasimama wima. Upande mmoja wa shuka ulikuwa na tope la Pugu.

Tumeruka saa sita na dakika ishirini. Tumetua, nikakimbia. Mtu wa umri wangu kukimbia na ihramu kunahitaji mikono mitatu. Kwenye kaunta ya kampuni ya pili nikamkuta dada mpole sana. Akasema ndege ya Nairobi imeondoka zamani, na kwenye kompyuta inasomeka kuwa sikutokea. Nikamwambia nimetokea. Anitazame, nimetokea mzima mzima. Akasema ananiona, ila kompyuta haimwoni anayechelewa. Nikamweleza kuwa aliyenichelewesha ni kampuni ya kwanza. Akasema pole baba, hao sisi hatuhusiani nao.

Nikapiga simu kampuni ya tatu. Nao hawahusiani na wa pili. Wa kwanza wakasema wao walinifikisha Kilimanjaro kama tiketi inavyosema, kwa hiyo safari yangu imekamilika. Imekamilika! Kampuni tatu kama wake watatu wa mume msiri, hakuna anayemjua mwenzake, na siku ya msiba ndipo wanakutana.

Tiketi ya leo jioni ya Nairobi kwenda Jeddah nayo imekufa. Viza haisogei, hoteli haisogei, na nafasi mpya ya kununua hapa kaunta bei yake ni kichaa. Mlima wenyewe sijauona, umejifunika. Biubwa angesema hata mlima umeona haya.

Alhamisi, 15 Januari

Kutwa nzima ndani ya basi la kutoka Moshi. Nguo nilizonazo ni za kubadilisha baada ya umra, na umra sijafanya, nikaona si adabu kuzivaa. Kwa hiyo nimesafiri na shuka. Mama mmoja kiti cha jirani aliniuliza kwa upole nimetoroka hospitali gani. Tulipofika Korogwe akaninunulia chungwa na kulimenya mwenyewe, akikiweka kisu mbali na mimi.

Saa tisa ikaingia picha ya shemeji. Mvua ileile iliizuia ndege yao isitue Dar, nao wamecheleweshwa mpaka leo jioni. Lakini wamelazwa hotelini! Wamepewa kuku. Kila watu wawili chumba chao. Pichani shemeji amekaa kitandani na begi la kijani pembeni yake. Na basi la Jeddah limeambiwa lisubiri, linasubiri. Chini ameandika: Shemeji umeshafika? Tushikie nafasi. Nimejibu: Nipo. Si uongo. Kila mtu yupo mahali.

Nimeshuka Maili Moja jioni, Telesphory anafunga duka. Nikamwekea tiketi tatu mezani. Akazikagua moja moja kwenye mwanga. Akasema mzee, mbona tiketi zote ni nzima? Kilichoharibika ni ndege.

Nimekwenda Tumbi kwa Zuwena. Alifungua mlango, akaniona, akaomba dakika moja, akatoka uani. Nikasikia kicheko. Akarudi akiwa muuguzi kabisa, akanipa maji ya kuoga. Nilipokuwa nakunywa uji akaniuliza: na ya mama je? Nikamwambia nitafanya mpango. Akasema, baba, nimekuuliza ya mama, sijauliza mpango.

Kopo limekwisha. Nilikuwa na siku kumi tu za kule, mbili zimeshapita na mimi niko Kibaha.

Jumamosi, 17 Januari

Niko Chole, hukuhuku wilayani Kisarawe, shambani kwa dada yangu mkubwa, tangu jana. Kisarawe mjini siwezi kwenda. Nyumba kumi na moja! Na kila nyumba nimeiachia kosa na mwaka wake. Mpango ni kukaa huku mpaka kundi lirudi, nichanganyike nao siku ya mapokezi. Nimefikiria na dumu la maji ya zamzam nitalitoa wapi. Kisima cha dada kiko karibu. Hapana. Hilo siwezi. Biubwa alikuwa anajua maji kwa kuonja.

Dada hakuuliza kitu. Alinipa jembe.

Asubuhi niko kwenye muhogo, shuka moja nimejifunga kiunoni, nikasikia sauti nyuma yangu: Baba Zuwena! Makka wameihamishia Chole? Mama Efrazia. Kumbe mihogo ya kukaanga anaichukua huku kila Jumamosi. Nikamwambia niko njiani, nasubiri ndege ya kuunganisha. Akatazama juu, akatazama jembe. Akasema basi akiiona ataipungia.

Saa nane mzee Mwinyimadi akapiga simu. Sauti tamu kabisa. Alitaka kujua zile hatua mbili nilizipima kwa mguu wangu au kwa mguu wa mtu mrefu. Nikamkumbusha kuwa alishanisamehe. Akasema alimsamehe msafiri. Huyu aliyeko Chole hamjui.

Jumapili, 18 Januari

Simu ya shemeji toka Makka. Sikutaka kuipokea. Imelia mara nne, dada akaipokea yeye na kunitia sikioni.

Zuwena amemweleza kila kitu. Nikangoja anicheke. Nilikuwa nimeshaandaa majibu mawili. Hakucheka, na majibu yote mawili yamenibaki. Alisema umra yake ameimaliza Ijumaa. Leo ametoka nje ya mpaka wa Makka, amevaa upya, yuko tayari kutia nia kwa ajili ya dada yake. Ila safari ya Biubwa ni yangu, akasema, kwa hiyo anaomba ruhusa. Shemeji, unaniruhusu?

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema angoje, nitatafuta ndege. Nilikuwa na udongo wa muhogo mikononi. Nikasema ruhusa unayo, shemeji.

Baada ya saa mbili akapiga tena. Akasema yuko mbele ya Kaaba na ameshamaliza kuzunguka, sasa nimsomee karatasi ya majina. Nikaikunjua. Mwandiko wa mviringo, ile m yake yenye mkia. Nikasoma jina, yeye akaliombea, nikasoma linalofuata. Nyuma yake nilisikia watu wengi kama mvua kwenye bati. Mwinyimadi, apone goti. Mama Efrazia, biashara yake istawi. Zuwena, apate mume mwenye subira. Maulidi kaka yangu, azidishiwe upole, ingawa anao. Yule mhudumu wa hospitali aliyenishika mkono, jina sikumuuliza, Mola anamjua.

La ishirini na mbili nililisoma kwa sauti kabla sijaliona: Mwinjuma mume wangu, apunguziwe mipango.

Nikamsikia shemeji akiliombea. Majina yote mengine aliyasema mara moja. Hilo amelirudia mara tatu, polepole, na ya tatu kwa kilio.

Nilipokata simu dada alikuwa ameshachukua jembe, anaendelea na mstari wangu. Nimelia kidogo. Ya Biubwa imefanyika. Nimeiandika hapa ili niione tena: imefanyika.

Lakini mara tatu?

Jumatatu, 26 Januari

Kundi lilirudi juzi. Nimekwenda kuwapokea kama mtu wa kawaida, bila kujichanganya. Shemeji ameniletea zamzam, tende, na begi la kijani, jipya, alilomwomba Ustadh kwa jina langu. Hakusema lolote la Chole. Dharau ya kimyakimya, ila tende ni nzuri.

Mzee Mwinyimadi ameirudisha minyaa. Nilisogeza hatua mbili, yeye amerudisha tatu. Nimemuuliza ya tatu ni ya nini. Akasema ya miwani.

Leo Ustadh amekuja nyumbani mwenyewe. Ana kundi dogo la Februari kabla ya Ramadhani, nafasi moja imebaki. Zuwena amekwisha kulipa nusu bila kuniuliza, na nusu shemeji ameongeza, wote wawili kwa sharti moja: tiketi iwe ya kundi. Nimekubali. Nataka nikaizunguke ile Nyumba kwa miguu yangu, nimsomee majina yake upya, na lile la ishirini na mbili nilisome mara moja tu. Isitoshe, ombi lile ni la zamani. Wino umefifia. Aliandika kabla sijabadilika.

Ila nimemwambia Ustadh kuwa tiketi ya kundi ni ya kwenda tu. Ya kurudi nitajitafutia. Kwenda kuna basi la kuwahi, kuna hoteli, kuna kundi. Kurudi kuna nini? Anayerudi kwenye nyumba tupu hawezi kuchelewa.

Ustadh akaeleza, kwa sauti ile ya daktari, kuwa tiketi ya kwenda tu ni ghali kuliko ya kwenda na kurudi. Nimemwambia vitisho vya kibiashara navijua. Nikamwomba asiwaambie Zuwena na shemeji, nikauza redio, nikaongeza tofauti.

Kesho asubuhi naelekea Maili Moja. Telesphory anasema ameona kitu kinachopita miji minne.